Kutoka setup.py hadi meson.build: jinsi SciPy ilivyourahisisha ujenzi wake

Mtu anayehitaji SciPy, maktaba ya Python ya ukokotoaji wa kisayansi, leo huandika amri moja ya pip, chombo cha kusakinisha vifurushi vya Python, na baada ya muda mfupi maktaba iko tayari kwenye kompyuta yake. Anachopokea ni kifurushi ambacho wengine walikwisha kukijenga kwa ajili ya mashine ya aina yake, kwa hiyo hana sababu ya kujiuliza kilijengwaje. Swali hilo humjia siku anapotaka kurekebisha hitilafu ndani ya maktaba yenyewe, au anapotumia mashine ambayo haikuandaliwa kifurushi. Siku hiyo hulazimika kuijenga SciPy mwenyewe kutoka kwenye msimbo chanzo, na kwa takribani miaka 20 kazi hiyo ilikuwa kizingiti kilichowarudisha nyuma wachangiaji wengi kabla hawajaandika hata mstari mmoja wa maana.

Kisa ninachokichambua hapa ni cha kushushwa kwa kizingiti hicho, tangu Februari 2021 pendekezo lilipotolewa hadi Julai 2022 lilipotoka toleo la 1.9.0, ambalo ndilo la kwanza kujengwa kwa Meson, chombo cha kujengea programu, badala ya numpy.distutils, mfumo wa ujenzi wa zamani. Ninakiona kuwa kisa chenye faida kubwa kwa yeyote anayetunza programu huria, kwa sababu urahisi uliopatikana haukutokana na kufupisha hati za ujenzi. Ulitokana na kuzinyima hati hizo uhuru wa kufanya lolote, na kuiondolea maktaba ya hisabati mzigo wa kuzijua kompaila, yaani programu zinazogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, za kila aina ya mashine.

Ugumu wa SciPy una asili yake, na bila kuielewa mtu hawezi kuhukumu kama uamuzi ulikuwa wa busara. Travis Oliphant, Eric Jones na Pearu Peterson walipoianzisha mwaka 2001, hawakuwa na nia ya kubuni upya kanuni za ukokotoaji zilizokwisha kupimwa kwa miongo kadhaa. Walizikusanya na kuzivika vazi la Python. QUADPACK ilileta hesabu za intego, MINPACK ikaleta utafutaji wa thamani bora, ODEPACK milinganyo ya difrensha, FITPACK upitishaji wa mistari laini katikati ya vipimo, na ARPACK thamani maalumu za matriksi kubwa. Zote hizo ziliandikwa kwa Fortran 77. Kando yake kuna msimbo wa C kama Qhull na SuperLU, kuna C++, kuna Cython, lugha iliyo kati ya Python na C, kwa wingi, na tangu toleo la 1.7.0 la mwaka 2021 kuna pia Pythran, ambayo huigeuza Python kuwa C++. Baadhi ya faili za msimbo hazipo kabisa katika hazina ya mradi, kwa kuwa huzalishwa na hati za Python wakati wa ujenzi. Kisha vyote hivi huunganishwa na BLAS na LAPACK, maktaba za aljebra ya mstari ambazo kila mfumo wa uendeshaji una namna yake ya kuziweka na kuzitaja.

Chombo kilichopatikana wakati huo kilikuwa distutils, kilichoingia katika maktaba sanifu ya Python mwaka 2000. Distutils ilifahamu kujenga nyongeza ndogo za C, lakini Fortran haikuifahamu. Waanzilishi wa SciPy wakaiongezea walichokihitaji, kwanza kwa jina la scipy_distutils, na baadaye kazi hiyo ikahamia NumPy, maktaba ya Python ya safu za namba, na kuitwa numpy.distutils. Kwa mazingira ya wakati ule ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, na sioni haki kuibeza. Bila hiyo pengine Python isingefika katika maabara za sayansi mapema kama ilivyofika. Lakini iliwapa watunzaji wa maktaba ya hisabati kazi ya pili ambayo hawakuiomba. Ndani ya numpy.distutils palikuwa na folda nzima ya faili, karibu kila moja kwa ajili ya kompaila fulani ya Fortran: ya GNU, ya Intel, ya IBM, ya NAG, ya Sun, hata za Compaq na HP-UX, ambazo wachangiaji wengi wa leo hawajapata kuziona. Palikuwa pia na faili iitwayo system_info.py, yenye maelfu ya mistari, ambayo kazi yake ilikuwa kupapasa folda za mashine ikitafuta BLAS imewekwa wapi. Zaidi ya hayo, numpy.distutils haikuweza kuiongezea distutils uwezo kwa kupitia milango iliyoachwa wazi, maana haikuwa na milango hiyo; ilibidi izibadilishe funksheni za ndani za distutils wakati programu ikiendelea kukimbia. Badiliko dogo upande mmoja liliweza kuuvunja upande wa pili bila mtu kutarajia.

Hati ya ujenzi yenyewe, setup.py, ilikuwa programu kamili ya Python. Kila moduli ndogo ya SciPy ilikuwa na yake, na ndani yake funksheni iitwayo configuration iliyoweza kufanya jambo lolote ambalo Python inaweza kulifanya: kusoma mazingira, kuandika faili, kuita programu nyingine, kubadilisha orodha ya vyanzo kulingana na kompaila iliyopatikana. Mtu aliyetaka kujua faili fulani inakompailiwa kwa bendera zipi, yaani maagizo gani anayopewa kompaila, hakuweza kulipata jibu kwa kusoma. Ilimpasa auendeshe ujenzi wenyewe, kisha apekue kumbukumbu ndefu za matokeo zilizojaa maonyo ya kompaila, maonyo ambayo yalikuwa mengi kiasi kwamba hakuna aliyeyasoma tena.

Madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalikuwa katika kazi ya kila siku. Mfumo wa ujenzi unatakiwa ujue kitu gani kinategemea kitu gani, ili kipande kimoja kikibadilika ujenge upya kile kinachohusika na uviache vingine. Distutils haikuwa na mchoro wa namna hiyo. Ukibadilisha faili ya kichwa ya C, yaani ile inayoishia na .h, mara nyingi haikutambua kwamba faili nyingine zinaitegemea, hivyo ungeendelea kujaribu msimbo wa zamani ukidhani ni mpya. Aliyekwisha kupoteza alasiri nzima kwa sababu kama hiyo hujenga mazoea ya kufuta kila kitu na kuanza mwanzo, na kwa maktaba yenye msimbo wa Fortran na C++ wa ukubwa ule, kuanza mwanzo ni kusubiri kwa muda mrefu. Kwa upande wa Cython, wana-SciPy walibuni njia yao: hati iitwayo cythonize.py iliyotunza alama za utambulisho wa kila faili katika cythonize.dat, ili ijue ipi imebadilika. Hapo maktaba ya ukokotoaji ilikuwa imeanza kujiandikia mfumo wa ujenzi juu ya mfumo wa ujenzi. Mwenye seva yenye viini vingi aliweza kuvumilia. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi iliyochoka, awe Dodoma au Kisumu au kwingineko, hakuwa na nafasi ya kujaribu marekebisho kumi kwa siku moja.

Hali hiyo ingeweza kuendelea miaka mingine mingi, kwa sababu mfumo uliochakaa lakini unaofanya kazi huwa na watetezi wa kutosha. Kilichowalazimisha kuhama kilitoka nje. Pendekezo la PEP 632, moja ya nyaraka rasmi za mapendekezo ya Python, lilikubaliwa ili kuiondoa distutils katika Python yenyewe: ikatangazwa kuwa inaachwa katika Python 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, na ikaondolewa kabisa katika Python 3.12, Oktoba 2023. Mradi wa setuptools, chombo cha kufungasha programu za Python, ulikuwa tayari unabeba nakala yake ya distutils, na mwishoni mwa 2021, katika toleo la 60, ulianza kuitumia nakala hiyo pasipo mtumiaji kuiomba. Kwa kuwa numpy.distutils iliegemea undani wa ile ya zamani, miradi iliyoitegemea ilishauriwa kubaki na setuptools ya kabla ya toleo la 60. Msingi uliobadilishwa kwa siri miaka yote hiyo sasa ulikuwa umeshikwa na watu wengine, na watu hao walikuwa na haki kamili ya kuurekebisha.

Ralf Gommers, mmoja wa watunzaji wa SciPy na NumPy, ndiye aliyelileta pendekezo la Meson mbele ya wenzake mwanzoni mwa 2021. Njia nyingine iliyokuwa na sifa ilikuwa CMake, ambayo inajulikana zaidi, ina watumiaji wengi zaidi, na ilikuwa na daraja la kuiunganisha na Python liitwalo scikit-build. Meson, iliyoanzishwa na Jussi Pakkanen na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2013, ilikuwa changa zaidi lakini si ya majaribio. Miradi mizito kama systemd na Mesa ilikuwa imekwisha kuhamia huko. Imeandikwa kwa Python, haihitaji kitu kingine zaidi ya Python, na kazi yenyewe ya kuendesha kompaila huiachia Ninja, chombo cha Evan Martin kilichozaliwa kutokana na haja ya kuijenga Chrome kwa haraka.

Sifa ya Meson iliyo na uzito zaidi katika kisa hiki ni ile ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza huiona kuwa kasoro. Lugha ya faili za meson.build imezuiwa kwa makusudi. Mtumiaji hawezi kujiandikia funksheni zake. Hawezi kuiambia ichukue kila faili inayoishia na .c katika folda fulani. Kila faili lazima itajwe kwa jina. Ujenzi hauruhusiwi kufanyika ndani ya folda ya vyanzo. Mtu aliyezoea setup.py hujisikia amefungwa mikono. Lakini matokeo yake ni kwamba faili ya meson.build husomwa kama orodha ya mambo yaliyopo: nyongeza hii inatokana na vyanzo hivi, inaunganishwa na maktaba hizi, inasakinishwa mahali hapa. Msomaji hupata jibu kwa kusoma, na Ninja hupata mchoro kamili wa utegemezi kabla ya kukompaili faili ya kwanza, hivyo huweza kugawa kazi kwa viini vyote vya kichakataji bila kuogopa kutanguliza kinachotakiwa kufuata.

Uhamisho wenyewe haukuwa wa kutafsiri setup.py kuwa meson.build mstari kwa mstari. Sehemu kubwa ilikuwa kuondoa mazoea ambayo mfumo wa zamani uliyavumilia. Hati zinazozalisha msimbo ni mfano mzuri. Zile za moduli ya special, ya sparse na za kufungia BLAS kwa Cython zilizoea kuandika matokeo yao pale pale penye vyanzo. Kwa kuwa Meson inakataza jambo hilo, ilibidi hati hizo zifundishwe kupokea jina la folda ya kuandikia, na ilibidi faili zitakazozaliwa zitajwe mapema, kwa majina na kwa hesabu kamili. Kazi hiyo huchosha na hakuna mtumiaji atakayekuja kuishukuru, lakini ndiyo iliyoyaleta mambo hadharani: kile kilichokuwa kikitokea wakati wa ujenzi bila kuandikwa popote sasa kilikuwa na mstari wake.

Upungufu mwingine ulikuwa upande wa Meson. Haikuijua Cython ipasavyo. Wana-SciPy wangeweza kuandika hati ya kuzibia pengo ndani ya mradi wao, kama walivyofanya zamani na cythonize.py. Badala yake uwezo huo uliingizwa katika Meson yenyewe, na tangu toleo lake la 0.59.0 la mwaka 2021 Cython ni lugha inayotambuliwa sawa na C na Fortran. Naliona tendo hili kuwa kitovu cha kisa chote. Ujuzi wa kukompaili Cython ulitoka kwenye maktaba moja ukaenda kwenye chombo ambacho wenye chombo ndio wanaokitunza, na kila mradi uliokuja baadaye ukaukuta uko tayari. Vivyo hivyo kwa daraja la kuunganisha Meson na pip: liliundwa kama mradi unaojitegemea, meson-python, unaofuata kanuni ya PEP 517, ili SciPy iutaje tu katika faili ya pyproject.toml na kuendelea na kazi zake.

Windows ndiyo iliyoonyesha mahali ambapo urahisishaji hauwezi kufika. Kompaila ya Microsoft hukompaili C na C++, ila haina Fortran. Numpy.distutils ilikuwa na mbinu yake: Fortran ikompailiwe kwa gfortran, ifungwe ndani ya maktaba ya DLL, kisha iunganishwe na vipande vilivyotoka kwenye kompaila ya Microsoft. Mbinu hiyo ilifanya kazi, lakini ilikuwa imefumwa ndani ya msimbo ambao watu wachache sana waliweza kuufuatilia. Meson haina nafasi ya ufundi wa aina hiyo, na sioni kwamba ingestahili kuwa nayo. Suluhisho likawa kutumia Mingw-w64 kwa lugha zote, ili C, C++ na Fortran zitoke katika familia moja ya kompaila. Ugumu wa Fortran katika Windows haukwisha. Ulihamishwa kutoka kwenye hati za ujenzi hadi kwenye uchaguzi wa kompaila, mahali ambapo unaweza kuelezwa kwa sentensi mbili katika mwongozo.

Kwa BLAS na LAPACK, upapasaji wa system_info.py na faili ya mipangilio ya site.cfg viliachwa, na mfumo ukaanza kuuliza pkg-config, chombo kinachoeleza maktaba imewekwa wapi na inaunganishwaje. Hili liliwasumbua waliokuwa na mipangilio yao ya miaka mingi kwenye kompyuta kubwa za vyuo, na malalamiko yao yalikuwa na msingi. Kwa upande mwingine, aliyeelewa pkg-config kutokana na mradi mwingine wowote wa C alijikuta ameielewa na SciPy pia, bila kujifunza kanuni inayotumika kwa mradi mmoja tu.

Uamuzi mmoja wa kiutendaji ulioipunguzia kazi hii hatari ni kwamba setup.py haikufutwa siku meson.build ilipoingia. Mifumo miwili ilikaa pamoja kwa muda, na hata toleo la 1.9.0 lilipotoka mfumo wa zamani ulikuwa bado upo kwa atakayekwama. Gharama yake inajulikana: anayeongeza faili mpya analazimika kuitaja mara mbili, na akisahau upande mmoja huvunjika. Hata hivyo kwa maktaba inayotegemewa na watu wengi kiasi hicho, nadhani hiyo ndiyo gharama ya kulipa.

Waliobaki na masikitiko ni hasa wachangiaji wa muda mrefu waliozoea kujenga ndani ya folda ya vyanzo, kisha kuingiza scipy papo hapo. Meson iliwaondolea njia hiyo. Badala yake ikaletwa dev.py, hati iliyojenga pembeni, ikaisakinisha SciPy katika folda ya kando, na kuendesha majaribio dhidi ya nakala hiyo. Sharti la kutaja kila faili nalo lilikuja na kosa lake jipya: mtu huongeza faili ya majaribio ya Python, husahau kuitaja katika meson.build, na majaribio yake hayaendeshwi kamwe ilhali kila taa inaonyesha kijani. Mradi uliona hatari hiyo na kuweka hati ya ukaguzi, check_installation.py, inayolinganisha faili za majaribio zilizopo kwenye vyanzo na zile zilizosakinishwa. Hapa ninakiri kwamba kanuni ya kukataza uchukuaji wa faili kwa jumla ina uzuri mwingi kwa C na Fortran, lakini kwa faili za Python tupu, ambazo hazikompailiwi, faida yake ni ndogo na usumbufu wake ni wa kila wiki.

Kuna na kovu jingine ambalo msomaji wa meson.build ya SciPy atalikuta. Ili kujua faili za vichwa za NumPy ziko wapi, hati iliita Python na kuiuliza NumPy yenyewe, na hivyo kuleta shida kwa wanaojenga kwa ajili ya mashine ya aina tofauti na ile wanayoitumia. Kwa kuwa faili ni fupi na haina maficho, kovu hilo linaonekana, na aliyetaka kuliondoa alijua aguse wapi.

NumPy ilifuata Septemba 2023 kwa toleo la 1.26.0, majuma machache kabla ya Python 3.12 kutoka bila distutils. Mahitaji yake yalikuwa tofauti: ina msimbo mwingi unaochagua maagizo maalumu ya kila aina ya kichakataji, na kwa ajili hiyo ililazimika kubeba nakala yake ya Meson yenye moduli ya ziada. Huo ni mzigo ambao SciPy haikuubeba, na unaonyesha kwamba njia ya kupeleka uwezo kwenye chombo chenyewe haiendi sikuzote kwa kasi ambayo mradi unaihitaji. Pandas na scikit-image nazo zilihamia Meson mwaka huo huo wa 2023, zikipita njia ambayo sehemu yake ngumu, yaani Cython na daraja la pip, ilikuwa imekwisha kusafishwa.

Katika SciPy yenyewe kazi haikuishia kwenye hati za ujenzi. Baada ya mfumo kuwa wazi, ilionekana bayana kwamba sehemu kubwa ya usumbufu uliobaki, kuanzia Windows hadi mashine mpya zisizo na kompaila nzuri ya Fortran, ilitokana na vile vipande vya Fortran 77 vilivyokusanywa tangu mwaka 2001. Wachangiaji wakaanza kuviandika upya kimoja baada ya kingine, MINPACK ikiwa miongoni mwa vilivyogeuzwa kuwa C, na kila kinapokamilika majina ya faili za .f huondolewa katika orodha ya meson.build.